Kuibiwa kumoja, vitenzi vitatu vya Kiingereza

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa bima hapa Nairobi, na kazi yangu kubwa ni kuandika barua pepe kwa wateja na kwa kampuni za bima. KCSE nilipata B+ ya Kiingereza, na sarufi hainisumbui sana. Lakini bosi wangu hunirudishia barua zikiwa zimechorwa duara. Mwezi huu amechora hizi: “Kindly borrow us your projector”, “Our client was stolen a laptop”, “The shop was robbed at night when nobody was inside”, “Remember me to send the form” na “The company denied to pay”. Nimeanza daftari la maneno ya Kiingereza yenye maana moja. Limefika kurasa kumi na moja na bado nakosea. Rafiki yangu anasema ni Kiswahili na Sheng vinavyoniharibia Kiingereza, eti niviache nikiwa kazini. Ni kweli? Na nifanyeje, nikariri kamusi?

Jibu: Marahaba. Nikikusoma vizuri, kinachokusumbua ni hiki: maneno unayajua, ukiulizwa moja moja unaeleza maana yake, lakini ukiandika kwa haraka linakuja lile la jirani. Halafu unaanza kuogopa hata kubonyeza kitufe cha kutuma. Tatizo hilo lina chanzo kinachojulikana na lina dawa, ila dawa yenyewe si kukariri kamusi.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu ushauri wake utakudhuru. Kiswahili hakijaharibu chochote. Tazama sentensi zako tano uone zinavyofuata mpango mmoja: karibu kila ulipokosea, Kiswahili kina kitenzi kimoja, au shina moja linalobadilishwa kwa viambishi, na Kiingereza kimeligawa eneo lile lile la maana kati ya vitenzi viwili au vitatu tofauti. Mjerumani anayejifunza Kiingereza huchanganya “borrow” na “lend” kama wewe, kwa kuwa kitenzi chake “leihen” huenda pande zote mbili kama “azima” yetu. Yeye haambiwi aache Kijerumani. Wewe nawe ukiacha kuzungumza Kiswahili ofisini utawasumbua wateja tu, na vitenzi hivyo vitabaki vinakusumbua.

Kinachokuangusha ni daftari lenyewe. Ukiandika “borrow, azima” na chini yake “lend, azima”, umeunganisha kwa kalamu maneno ambayo Kiingereza kimeyatenganisha, na kila unapolisoma daftari unajifundisha kuyachanganya. Maneno ya aina hii hutengwa na matumizi yake katika sentensi, na maana ya kamusi peke yake haitoshi. Kwa kila kitenzi kinachokupa shida uliza mambo matatu. Nani anatenda? Baada ya kitenzi, anafuata mtu, kitu au mahali? Na ni jambo gani lazima liwe kweli ndipo neno hilo lifae? Ukiwa na majibu hayo matatu utaweza kuandika sentensi sahihi hata kama huwezi kueleza maana ya neno kwa ufasaha.

Tuanze na projekta. Kiswahili husema “niliazima kitabu maktaba” na pia “niazime kitabu chako”. Msikilizaji hababaiki, kwa sababu ile “ni-” ya “niazime” ni kiambishi cha mtendwa: inamwambia kwamba mimi ndiye ninayepewa. Mwelekeo wa kitu tumeubeba kwenye kiambishi. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo mwelekeo kimeuweka ndani ya kitenzi chenyewe. “Borrow” ni ya anayechukua, na anayetoa huja baadaye akitanguliwa na “from”. “Lend” ni ya anayetoa, na inaweza kufuatwa na mpokeaji kisha kitu. Kwa hiyo ni “Could you lend us your projector?” au “May we borrow your projector?” Angalia nani yuko mbele ya kitenzi: “you” inakwenda na “lend”, “we” inakwenda na “borrow”. Hayo mawili yakikukaa kichwani, mengine yatajipanga yenyewe.

Kwa fedha ni vivyo hivyo, na hapo Kiswahili kinakusaidia. Kukopa ni “borrow”, kukopesha ni “lend”. “Loan” iache iwe nomino, yaani mkopo. Wamarekani huitumia kama kitenzi pia, ila katika barua za ofisi za hapa “lend” haitakuletea maswali. Na jambo moja dogo ambalo wengi hawalioni: “borrow” hufaa kitu kinachoondoka mahali pake kikarudi. Choo au tundu la umeme havibebwi, kwa hiyo omba “use”.

Ukishaelewa “borrow” na “lend” utaona kwamba Kiingereza chenyewe hakiko safi. “Rent” huenda pande zote mbili kama “azima”: mpangaji “rents a flat from” mwenye nyumba, naye mwenye nyumba “rents it to” mpangaji. “Let” ni ya mwenye nyumba tu, ndiyo maana vibao vya malangoni Umoja na Kilimani huandikwa “To Let”. “Hire” ni ya muda mfupi, kama hema na viti vya harusi au gari la siku mbili, na pia hutumika kwa kuajiri mtu. “Lease” ni ya mkataba wa muda mrefu wenye masharti, na huenda pande zote mbili. Na kwa kuwa unashughulika na bima za majengo, “kodi” itakutega: ya nyumba ni “rent”, ya KRA ni “tax”, na kwenye ardhi kuna mbili tofauti. “Land rates” hulipwa kwa serikali ya kaunti, na “land rent” hulipwa kwa serikali kuu na mwenye ardhi ya mkataba wa miaka. Mteja akikuambia “nimelipa kodi ya ploti”, muulize ni ipi kabla hujaandika lolote.

“Remember me” ni kosa la aina nyingine. Kiswahili hutengeneza kitenzi cha kusababisha kwa kuongeza kiambishi: kumbuka na kumbusha, panda na pandisha, lala na laza. Masikio yako yanasikia shina moja, kwa hiyo mkono wako unaandika neno moja. Kiingereza mara nyingi huwa na neno jingine kabisa. Anayekumbuka mwenyewe “remembers”. Anayemfanya mwingine akumbuke “reminds”. “Remember me” ni maneno ya yule mwizi msalabani akimwomba Yesu amkumbuke katika ufalme wake, na msomaji wa Kiingereza anayasikia kwa uzito huo. Andika “Remind me to send the form.” Tena angalia kinachofuata “remember” yenyewe: “remember to send” ni kazi ambayo bado, “remember sending” ni kazi iliyokwisha. Mteja akiandika “I remember sending the form”, anasema aliituma. Usimjibu kana kwamba ameahidi kuituma.

Katika kundi hilo hilo kuna “rise” na “raise”. Bei “rise” zenyewe, hakuna anayetajwa. Mtu “raises” bei. Wakati uliopita ni “rose” kwa ya kwanza na “raised” kwa ya pili, kwa hiyo “The premium has raised” haikubaliki: ama “has risen”, ama “has been raised”. “Lie” na “lay” zina mtego mbaya zaidi, kwa sababu “lay” ni kitenzi kinachojitegemea, yaani kulaza au kuweka chini, na papo hapo ni wakati uliopita wa “lie”, yaani kulala. Huko hata wazawa wa lugha hujikwaa. Usipoteze usiku wako. Andika “put” au “was on the floor” uendelee na kazi.

Sasa tuje kwenye wizi. Hapa katika ofisi yako neno moja linaweza kugeuza dai zima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiswahili kina kunyang’anya, kupora na kuvunja nyumba, lakini katika mazungumzo ya kila siku Nairobi tunasema “nimeibiwa” kwa yote. Kiingereza hutenga vitenzi vitatu kwa kile kinachofuata. “Steal” hufuatwa na kitu: mwizi “steals a laptop”. “Rob” hufuatwa na mtu, au mahali penye watu na fedha kama benki: mwizi “robs a man”, “robs a bank”. “Burgle” hufuatwa na jengo: mwizi “burgles a house”. Ndiyo maana “Our client was stolen a laptop” haisimami. Ukigeuza sentensi ya “steal” kuwa ya kutendwa, kitu pekee ndicho kinachoweza kuja mbele. Kiswahili kinaruhusu “mteja aliibiwa kompyuta” kwa sababu ya ile “-i-” ya kutendea iliyomo katika “ibia”, inayomleta mwathiriwa mbele. Kiingereza hakina mlango huo. Una njia mbili: “A laptop was stolen from our client”, au, ukitaka mteja aanze, “Our client had a laptop stolen”.

Kisha swali la tatu, la nini lazima liwe kweli. “Rob” hudai nguvu au vitisho, na kwa hiyo hudai mtu aliyetishwa. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 295, inaeleza “robbery” kuwa wizi unaoambatana na matumizi ya nguvu au tishio la nguvu, wakati wa kuiba au mara tu kabla au baada yake. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye foleni ya matatu pale Ambassadeur bila mwenyewe kuhisi, huo ni “theft”. Akipigwa ngeta ikachukuliwa, hiyo ni “robbery”. Duka la mteja wako lilivunjwa usiku na hapakuwa na mtu. Nani alitishwa? Hakuna. Kwa hiyo “robbed” haifai, na mkadiriaji hasara akiliona neno hilo atauliza nani alijeruhiwa, silaha ilikuwa gani, na mbona taarifa ya polisi haisemi hivyo. Dai linakwama kwa sababu ya kitenzi.

Je, uandike “burgled”? Katika Kiingereza cha kawaida, ndiyo: “The shop was burgled on Tuesday night.” Lakini hapa kuna maana tatu za “burglary” zinazokaa karibu karibu, na lazima ujue unaongea na nani. Kwa raia wa kawaida ni kuvunja na kuiba, usiku au mchana, nyumbani au dukani. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 304 kinahusu jengo linalokaliwa na watu: likivunjwa mchana ni “housebreaking”, likivunjwa usiku ni “burglary”, na usiku wenyewe umepimwa katika kifungu cha 4, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Duka lina kifungu chake, cha 306, kwa hiyo hati ya mashtaka huenda isiwe na neno “burglary” hata kidogo. Kwa bima ni jambo jingine tena. Bima ya “burglary” ya biashara kwa kawaida hufidia wizi ulioambatana na kuvunja ili kuingia au kutoka, penye alama zinazoonekana: kufuli iliyokatwa, bati lililong’olewa, dirisha lililopinda. Mfanyakazi mwenye ufunguo akijifungulia na kubeba bidhaa, hiyo inaweza kuwa “theft” isiyogusa bima hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa barua za madai: eleza kilichotokea, usilibandike tukio jina. “Unknown persons cut the padlock and took goods between closing time and 6 a.m. Nobody was on the premises.” Sentensi hiyo ni sahihi mbele ya polisi, mkadiriaji na wakili. Jina la tukio litoke kwenye abstrakti ya polisi, yaani hati ya kituo kuhusu taarifa iliyopigwa, nawe ulinakili kama lilivyo pamoja na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Usiliboreshe, hata ukiona karani wa polisi amekosea Kiingereza. Mwombe mteja akalirekebishe kituoni.

“Denied to pay” inatokana na kukataa, kukana na kunyima kukaa pamoja kichwani. “Refuse” ni kukataa kutenda, na hufuatwa na “to”: “refused to pay”. “Deny” ni kukana kwamba jambo ni kweli, na hufuatwa na “that” au kitenzi chenye “-ing”: dereva “denied hitting the gate”. Ukiandika kwamba dereva “refused that he hit the gate”, hata anayekuelewa atasimama. “Deny” ina kazi nyingine ya kunyima, “denied him access”, na Wamarekani husema “denied the claim”, kwa hiyo ukiliona kwenye barua ya kigeni usilichore duara. Katika biashara yenu, kampuni “declines a claim” ikisema kwa adabu, au “repudiates liability” ikisema kisheria. Hilo la mwisho usilitumie mpaka wao walitumie kwanza.

Kuna maneno ambayo bosi wako hajayachora lakini yatakuja, kwa kuwa yamo katika kazi yako kila siku. “Ensure” ni kuhakikisha jambo. “Assure” ni kumhakikishia mtu, kwa hiyo lazima mtu afuate mara moja: “We assure you that…” “Insure” ni kukatia bima. Tazama Kiswahili kinavyokubeba hapa: ukisikia “-ia” ya kuhakikishia, andika “assure”. Usishangae kuona “life assurance” kwenye hati. Ni desturi ya Uingereza kutumia neno hilo kwa bima ya maisha, kwa kuwa kifo ni hakika, na “insurance” kwa mambo yanayoweza kutokea au yasitokee. Na “damage” isiyo na “s” ni uharibifu, haihesabiki. “Damages” ni fedha ambazo mahakama huamuru mtu alipwe. “The car had damages” inasema gari lilikuwa na fidia.

Mengine nayapitia haraka. “Tell” humtaka mtu (“told me”), “say” huyataka maneno (“said that”). Kiswahili husikia harufu, njaa na baridi kwa kitenzi kile kile. Kiingereza “smells” harufu na “feels” njaa na baridi. “Economic” ni ya uchumi, “economical” ni isiyokula sana, kama gari dogo la mafuta machache. Mkadiriaji anapaswa kuwa “disinterested”, yaani asiye na upande, ila wengi siku hizi huisoma kama asiyejali, kwa hiyo “impartial” ni salama zaidi. Na “few” bila “a” ni malalamiko: “We received few documents” inamwambia mteja kwamba alichotuma hakitoshi, “a few” inasema tu kwamba zimefika kadhaa.

Utauliza, kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi? Sehemu ya jibu ni historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliitwaa Uingereza, na kwa vizazi kadhaa watawala walitumia Kifaransa huku wananchi wakiendelea na Kiingereza chao. Maneno ya pande zote mbili yakabaki, yakagawana kazi. “Help”, “buy”, “begin” na “ask” ni ya nyumbani. “Assist”, “purchase”, “commence” na “enquire” yana asili ya Kifaransa na yalibaki na harufu ya baraza. Hilo unalijua tayari katika lugha yako: kufa ni ya Kibantu, kufariki inatokana na Kiarabu, na hakuna anayemwendea mjane akamwambia mumewe “amekufa”. Tofauti ya “help” na “assist” ni ya namna hiyo, ingawa si kali kiasi hicho. Ndiyo maana siungi mkono desturi ya ofisi nyingi za Nairobi ya kuchagua neno refu kila mara. Barua yenye “commence”, “purchase” na “enquire” kwenye aya moja inamweka mteja mbali nawe, na haikufanyi uonekane msomi zaidi.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu Kiingereza cha Kenya. Si kila kinachotofautiana na London ni kosa. “Alight” kwenye matatu ni Kiingereza kizuri, ila Mwingereza angesema “get off”. “Pick my call” inaeleweka na kila mtu mjini hapa. Kwingine wangesema “answer” au “pick up”. “Assist me with a pen” ni “nisaidie na kalamu” iliyovaa Kiingereza, na mgeni anaweza kudhani kalamu imekushinda kuandikia. “Kindly revert” imeenea katika ofisi zetu kwa maana ya jibu, wakati maana yake ya zamani ni kurudia hali ya awali. Msimamo wangu ni huu: kwa mwenzako wa Nairobi, yaache yaishi. Kwa barua inayokwenda kwa kampuni ya bima mtawanyo huko nje, yaani inayokatia bima kampuni za bima, au inayoweza kuishia mahakamani, tumia neno ambalo msomaji yeyote wa Kiingereza atalielewa kwa namna moja. “Borrow us”, hata hivyo, siiweki katika kundi hili. Inachorwa duara hapa hapa Kenya, kwenye mitihani na ofisini.

Basi ufanye nini? Lifunge lile daftari la kurasa kumi na moja, anza jipya lenye makosa yako pekee, yale ambayo bosi wako ameyachora. Utashangaa yalivyo machache. Mtu kwa kawaida hurudia jozi zile zile. Ukurasa mmoja uwe wa kitenzi kimoja, na mwenzake umpe ukurasa wa mbali, usiwaweke jirani. Andika sentensi tatu za kazini kwako, zenye mteja, gari na tarehe, kwa sababu sentensi ya kitabu kuhusu paka na mti haitakujia ukiwa unaandika dai la moto wa Gikomba. Chora mstari chini ya kitenzi pamoja na neno linalokifuata, ukijifunza “lend us”, “steal from”, “remind me to” kama kitu kimoja. Fanya kitenzi cha kwanza mpaka kikukae, kisha ndipo uanze mwenzake. Ukiwafundisha wawili siku moja watashikana. Rudia baada ya siku moja, kisha baada ya wiki, ukificha ukurasa na kuandika upya kutoka kichwani. Kusoma tu hakutoshi.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iwe ya kukumbuka neno, si ya kulichagua. Kwa kuchagua, tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza, iwe ya simu au ya maktaba. Usiishie kwenye maana; soma sentensi za mfano, tazama kitenzi kimewekewa alama ya kuhitaji yambwa au la, na kihusishi kinachokifuata. Kamusi nyingi za aina hiyo zina kisanduku kinacholinganisha maneno yanayochanganywa, na hicho ndicho utakachokihitaji zaidi. Programu za kusahihisha zitakukamatia “denied to pay”. Hazitakukamatia “the shop was robbed”, kwa sababu sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na programu haijui kama dukani palikuwa na mtu.

Mwombe bosi wako nusu saa pia. Duara haikuambii neno sahihi wala kwa nini. Nenda na barua tatu zilizochorwa, umwulize kwa kila moja: “Hapa ungeweka neno gani, na hili langu linakupa picha gani?” Jibu la swali la pili ndilo lenye faida. Ukiamua kwenda darasa la jioni, uliza kabla ya kulipa kama mwanafunzi anaandika kila wiki na kazi yake inarudishwa ikiwa imesahihishwa kwa maelezo. Kozi ya kukaa na kusikiliza orodha za visawe itakurudisha kwenye daftari lako la zamani.

Kuna hali mbili ambazo ningekutaka utafute mtu ana kwa ana. Ya kwanza: ikiwa unachanganya herufi, unaruka mistari au unasoma polepole sana hata kwa Kiswahili, tangu shuleni. Hapo si suala la msamiati, na mtaalamu wa saikolojia ya elimu anaweza kukupima. Taasisi ya KISE kule Kasarani, inayohusika na elimu ya mahitaji maalumu, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Katika maelezo yako sioni dalili hiyo, lakini wewe ndiye unayejijua.

Ya pili inakuhusu moja kwa moja. Neno likiwa ndani ya mkataba wa bima, kamusi haina mamlaka. Mikataba huwa na sehemu ya ufafanuzi, mara nyingi kurasa za mwanzo, inayosema “theft”, “burglary”, “accident” au “premises” zina maana gani humo ndani tu, na maneno hayo mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa au kukolezwa kila yanapotokea. Kabla hujamwandikia mteja kwamba analipwa au halipwi, fungua ukurasa huo usome neno kwa neno. Ukiwa bado na shaka, mpigie ofisa wa madai wa kampuni husika, umwombe jibu lake kwa maandishi, na ikiwa dai ni kubwa au mteja ameshataja mahakama, mwelekeze kwa wakili kabla barua yako haijatoka.